Tumtafute Mtalii wa Ndani Stendi ya Mabasi

Kwa mujibu wa takwimu za serikali, mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na watalii 5,360,247. Idadi hiyo ilipokelewa kwa shangwe, kwa kuwa ilani ya chama tawala ya mwaka 2020 iliahidi watalii milioni 5 ifikapo mwaka 2025, na lengo likawa limevukwa kabla ya wakati. Tukiifungua jumla hiyo, tunakuta ndani yake watalii wa kimataifa 2,141,895 na watalii wa ndani 3,218,352. Kwa wageni wa nje peke yao, hata nusu ya lengo isingefikiwa. Waliotuvusha ni Watanzania.

Sina ugomvi na shangwe hiyo. Mwaka 2020, kwa takwimu hizo hizo za serikali, watalii wa ndani walikuwa 562,549. Kuongezeka kwao karibu mara sita katika miaka minne si jambo la kubeza. Nina swali moja tu, ambalo naliona zito kuliko idadi yenyewe: tunapodai kukuza utalii wa ndani, tunamkuza nani, na kwa hatua zipi? Jibu langu ni kwamba sera yetu inamtafuta mtalii wa ndani mahali ambapo wengi hawafiki. Inamngoja langoni mwa hifadhi, mkononi imeshika tiketi ya bei nafuu na bango la simba, ilhali yeye yuko stendi ya mabasi akihesabu nauli. Vikwazo vyake ni usafiri, malazi na muda wa kupumzika, na vingi kati ya hivyo haviko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Nani anahesabiwa?

Tuanze na namna ya kuhesabu, maana serikali huhudumia kile inachokihesabu. Wageni kutoka nje huhesabiwa mipakani na Idara ya Uhamiaji. Watalii wa ndani huhesabiwa zaidi katika malango ya vivutio: hifadhi za taifa, Ngorongoro, misitu, makumbusho na maeneo ya malikale. Lango huhesabu kuingia, halimhesabu mtu. Mkazi wa Mwanza anayevuka kwenda Kisiwa cha Saanane mara tatu kwa mwaka anaweza kuonekana katika jedwali kama watu watatu. Kwa upande mwingine, familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Rombo kwa Krismasi, ikakaa siku kumi, ikalipa mabasi, ikanunua mbuzi, ikalipa fundi wa kukarabati nyumba ya wazazi na kuwapa biashara wauza maduka wa kijijini, haionekani popote.

Lakini kwa tafsiri ya Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, familia hiyo ni ya watalii. Mtalii wa ndani ni mtu anayesafiri ndani ya nchi yake nje ya mazingira yake ya kawaida, kwa muda usiofika mwaka, kwa lengo lolote lisilo la kwenda kuajiriwa huko aendako, na akalala angalau usiku mmoja. Kutembelea ndugu, kwenda harusini, kuhudhuria ibada kubwa, kupata matibabu, kuhudhuria mahafali, yote yamo. Kwa kipimo hicho, msafara mkubwa wa kila mwaka wa utalii wa ndani Tanzania ni ule wa Desemba wa kwenda Kilimanjaro, na hauna waziri anayeuzindua. Kinachousimamia ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inayotoa vibali vya muda kwa magari ya ziada na kupambana na walanguzi wa tiketi.

Uko pia mfano wa Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikatiza hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Kwa miongo kadhaa, wakulima wa Mbozi, wafanyabiashara wa Makambako na wanafunzi wanaorudi shuleni wamewaona tembo, twiga na swala kupitia dirisha la basi. Pengine hakuna mahali pengine nchini ambapo Watanzania wengi kiasi hicho wamewaona wanyamapori kwa macho yao. Hakuna aliyewahesabu, wala hawakuombwa kushuka. Hamu ya kuona ipo. Ukitaka ushahidi mwingine, tazama foleni za wazazi na watoto katika banda la maliasili viwanja vya Sabasaba, wakisubiri kumwona simba aliye ndani ya kizimba. Anayesema Mtanzania hana utamaduni wa kutalii anaikwepa kazi ya kuuliza kwa nini mtu huyo amemwona simba kizimbani Temeke na hajamwona Mikumi.

Zao la kuuza nje

Hali hii ina historia. Utalii wetu ulijengwa kama mkonge: zao la kulimwa hapa na kutumiwa kwingine. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 chini ya ukoloni, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo, Wamaasai wakatakiwa kuondoka upande wa Serengeti. Waliozipanga hifadhi hizo hawakumfikiria mwenyeji kama mgeni wa kukaribishwa. Walimwona kama kikwazo cha kuondolewa. Uhuru ulibadilisha wenye mamlaka, lakini fikra haikubadilika sana. Mwalimu Nyerere, ambaye Septemba 1961 alitoa Azimio la Arusha la kuhifadhi wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967), ananukuliwa akikiri kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. Aliunga mkono uhifadhi, na moja ya sababu zake ilikuwa matarajio kwamba wanyama wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato baada ya almasi na mkonge. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini kiongozi anapomwona mnyama kama bidhaa ya kuuza nje, wizara zake zitajenga viwanja vya ndege, hoteli na shule za waongoza watalii kwa ajili ya mnunuzi wa nje. Ndivyo ilivyokuwa.

Ndiyo maana mtalii wa ndani hukumbukwa zaidi pale mnunuzi wa nje anapokosekana. Mwaka 2019 tulipokea wageni wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020, baada ya UVIKO-19 kufunga mipaka ya dunia, walishuka hadi 620,867. Hapo ndipo wito wa "tutalii kwetu" ulipopata nguvu. Kenya nayo ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 2014, hoteli za pwani zilipokuwa zikifunga milango baada ya mashambulizi ya kigaidi na tahadhari za usafiri kutoka nchi za Magharibi, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mwajiri atakayemlipia mfanyakazi wake gharama za likizo ndani ya nchi angezitoa gharama hizo katika hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi. Hatua ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kwamba ilibuniwa kama dawa ya homa, kwa kipindi kifupi, na mgeni aliporudi haikugeuzwa kuwa haki ya kudumu ya mfanyakazi.

Mtu anayealikwa mezani pale tu wageni wengine wanapokosekana hujua nafasi yake katika nyumba hiyo.

Hesabu ya watu wawili

Tuje kwenye hatua zenyewe. Hatua kuu ya sera yetu, inayotajwa katika karibu kila hotuba, ni kiingilio nafuu. Ni kweli kwamba kiingilio ni nafuu. Kuingia Serengeti, mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 70 katika msimu wa juu kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Raia mtu mzima hulipa shilingi 10,000, na kodi ikijumuishwa zinakuwa 11,800. Tofauti hiyo ni kubwa na ya haki, na ninaiunga mkono bila masharti.

Sasa mchukue mtumishi wa umma anayepokea kima cha chini kipya cha shilingi 500,000 kwa mwezi, kilichoanza Julai 2025. Anaishi Dar es Salaam, na anataka kumpeleka mwenzi wake Serengeti kwa siku moja. Viingilio vyao wawili ni shilingi 23,600, chini ya asilimia tano ya mshahara wa mwezi kabla ya makato. Baada ya hapo safari yenyewe ndipo inapoanza. Kuna nauli ya basi kwenda na kurudi. Kuna usiku wa kulala njiani. Kuna gari la kuingia hifadhini, ambalo kwa kukodi huwa laki kadhaa za shilingi kwa siku, na gari hilo nalo lina kiingilio chake. Kuna malazi ambayo, yakiwa ndani ya hifadhi, mengi yamejengwa na kupangiwa bei kwa mfuko wa Ulaya na Marekani. Mwishowe mshahara wote umekwisha, na mwezi una wiki tatu zilizobaki.

Serikali ikikifuta kiingilio kabisa, watu hawa wataokoa shilingi 23,600 na bado hawataenda. Tumepunguza bei ya kitu kilichokuwa rahisi kuliko vyote katika safari, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa mikononi mwa taasisi zinazoitwa za utalii. Na tusisahau kwamba tangu Julai 2016 serikali hiyo hiyo iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani katika huduma za utalii. Asilimia 18 hiyo ilijadiliwa sana kwa hofu kwamba mgeni atakimbilia Kenya. Ni wachache walioitazama kwa jicho la mwalimu wa Singida.

Hatua zilizofanya kazi bila kuitwa za utalii

Ukitaka kuona sera iliyowasogeza Watanzania kwa kweli, toka katika hotuba za utalii uangalie uchukuzi na fedha. Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu takriban miaka thelathini. Kwa mfanyakazi mwenye siku tatu za mapumziko, uamuzi huo ulimrudishia siku mbili: analala ndani ya basi Ijumaa usiku, anaamkia kwao Jumamosi, na Jumapili usiku anaanza kurudi. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi baada ya robo karne, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Mwaka 2024 reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma. Kwa shilingi 13,000 za kwenda na kiasi hicho hicho cha kurudi, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuuona Mlima Uluguru na kurudi nyumbani kulala. Sidhani kama lipo tangazo la utalii wa ndani lililokaribia nguvu ya tiketi hiyo. Wakenya walijifunza jambo hilo mapema zaidi: tangu treni ya Madaraka Express ianze safari kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, kupata kiti cha Desemba kumekuwa mashindano.

Hatua nyingine ni ya Machi 2025, pale kanuni mpya zilipopiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani ya nchi. Lengo lake lilikuwa kuilinda shilingi. Lakini bei iliyoandikwa kwa dola katika hoteli ya Karatu au Nungwi ilikuwa pia bango lisilo na maneno lililomwambia raia kwamba hakutarajiwa. Kuliondoa bango hilo ni hatua ya utalii wa ndani, ingawa wengi waliisoma kama habari ya benki.

Somo ni moja. Gharama ya umbali na gharama ya muda ndizo zinazoamua nani atasafiri. Zikipungua, watu husafiri bila kuhimizwa.

Nauli ya likizo: sera tuliyo nayo tayari

Wasomaji wangu watumishi wa umma wanaijua sera ya utalii wa ndani iliyo ya zamani kuliko kampeni zote, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinampa mtumishi, mwenzi wake na wategemezi wake nauli ya likizo ya kwenda kwao na kurudi, kila baada ya miaka miwili. Kwa nchi yenye walimu, wauguzi, askari na maofisa waliopangwa mbali na kwao, utaratibu huu ni msafara mkubwa wa kitaifa unaogharimiwa na hazina. Ndio uliomfikisha mtoto wa Mbamba Bay Bukoba, na wa Bukoba Mbamba Bay.

Na ndio tunaouvunja kimya kimya. Madeni ya walimu yasiyo ya mshahara, yakiwemo ya likizo na uhamisho, yamekuwa wimbo wa bungeni na wa vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi. Mtumishi anakwenda likizo kwa kukopa, anajaza fomu, anasubiri. Au anaacha kwenda, anaitumia likizo yake kulima na kuuza duka. Serikali inayomdai raia atalii, ilhali haijamlipa nauli yake ya kisheria, inapaswa kuanza kwa kulipa deni.

Nchi zilizofanikiwa katika jambo hili zilianza na haki ya likizo, si na matangazo. Ufaransa ilipopitisha sheria ya likizo ya wiki mbili zenye malipo mwaka 1936, serikali iliona kwamba likizo bila nauli ni kukaa nyumbani tu. Mwaka huo huo ikaweka tiketi maalumu ya reli kwa wafanyakazi, yenye punguzo la asilimia 40. Mwaka 1982 ikaongeza hundi za likizo, ambazo mfanyakazi na mwajiri huzichangia na hutumika katika hoteli, usafiri na makumbusho. Pwani za Ufaransa zilijaa Wafaransa kwa sababu ya sheria za kazi, na uchumi wa vijiji vya pwani ukajengwa juu ya sheria hizo.

Sisi sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 28 zenye malipo kwa mwaka. Tatizo ni kwamba Watanzania walio wengi hawana mwajiri wa kuwapa hizo siku. Dereva wa bodaboda, mama lishe na mkulima hawana likizo. Wana siku wasizopata kitu. Hao wasitupwe nje ya sera kwa kuwa ni vigumu kuwafikia, kwa sababu tayari wamejifikia wenyewe. Vikoba vya kina mama huchanga mwaka mzima na kwenda Bagamoyo au Zanzibar. Kwaya husafiri mikoa mitatu kwa mwaliko mmoja. Wafuasi wa Simba na Yanga huifuata timu hadi Kigoma. Mtanzania husafiri kwa kundi, kwa michango, na kwa sababu: ibada, mpira, msiba, mahafali. Bidhaa zetu za utalii, kinyume chake, zinamngoja mtu mmoja mwenye kamera na pesa za kukodi gari zima.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la fedha za kigeni. Wataniambia: nchi inahitaji dola za kununulia mafuta na dawa, na Mtanzania anayelala Moshi haleti hata senti moja ya dola. Ni kweli, na sijasema tumwache mgeni. Filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa mwaka 2022 ilikuwa na kazi yake, na idadi ya wageni iliyofuata inaonekana kwa kila mtu. Lakini mwaka 2020 ulituonyesha maana ya kuwa na sekta nzima inayotegemea uamuzi unaofanywa London au New York. Waongoza watalii, wapagazi wa mlimani na wapishi wa kambi walirudi vijijini kwa wiki chache. Soko la ndani halitaziba pengo lote la dola, ila litawalipa watu mishahara pale dola zinapokauka. Zaidi ya hayo, fedha ya mgeni wa nje husafiri: nyingine hubaki kwa wakala wa Ulaya na kwa shirika la ndege kabla hajatua. Fedha ya anayekwenda Rombo huishia Rombo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hutolewa na wanaharakati. Kuna haja gani ya kuzungumzia kutalii katika nchi ambayo watoto bado wanasoma wamejazana darasani? Si anasa ya tabaka la kati? Ingekuwa anasa kama ningependekeza ruzuku kwa hoteli za kifahari. Ninachopendekeza ni nauli, reli, mabasi ya pamoja na ziara za shule, mambo ambayo maskini huyatumia kuliko tajiri. Mwenye gari lake aina ya Land Cruiser hahitaji sera yoyote. Ndiye anayefaidi kiingilio nafuu hivi sasa, na anakifaidi peke yake kwa kuwa mwenzake hana namna ya kufika langoni. Punguzo la kiingilio lisilo na usafiri ni ruzuku kwa wenye magari. Hilo ndilo linalopaswa kuwaudhi wanaharakati.

Tufanye nini?

Kwanza, tuhesabu upya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina uwezo wa kuuliza kaya: nani alisafiri mwaka huu, kwa sababu gani, kwa siku ngapi, alitumia kiasi gani. Kenya, katika ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka, huonyesha ni usiku mangapi wa vitanda vya hoteli yaliyotumiwa na wakazi wake. Tukiwa na hesabu ya kaya, tutaacha kugombania idadi ya viingilio na tutaanza kuona nani hasafiri.

Pili, nauli ya likizo ilipwe kwa wakati, na mtumishi aruhusiwe, akitaka, kuitumia kwenda mkoa mwingine badala ya kwao. Hatua hiyo haihitaji sheria mpya. Kwa sekta binafsi, nafuu ya kodi ya aina iliyojaribiwa Kenya mwaka 2014 inafaa, ila iwe ya kudumu, na iwe na ukomo kwa kila mfanyakazi ili isigeuke zawadi ya wakurugenzi.

Tatu, tukiunge kipande cha mwisho cha safari. Treni inamfikisha abiria Morogoro, basi linamfikisha Mikumi mjini, kisha anakwama. Magari ya pamoja yenye ratiba, yanayoingia hifadhini na kutoza kwa kiti badala ya kukodi gari zima, bado ni adimu. Shirika la Hifadhi za Taifa linaweza kuyatangazia zabuni kwa vijana wenye mabasi madogo. Mikumi pafae kuwa pa kuanzia: abiria wapo tayari, barabara ipo, na wanyama wako kando yake.

Nne, malazi. Kila mji ulio jirani na hifadhi una gesti za wananchi. Zinachohitaji ni maji, usafi, mikopo midogo ya ukarabati, na kuwekwa katika orodha ya wizara kwa viwango vinavyolingana nazo. Wakati wa mvua za masika, hoteli kubwa za kaskazini huwa na vyumba vitupu. Huo ndio wakati wa bei za vikundi kwa vikoba, kwaya na shule.

Tano, tuache kudhani kwamba kivutio lazima kiwe na miguu minne. Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na michoro ya miambani ya Kondoa tangu mwaka 2006. Kalenga lipo fuvu la Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954. Songea ipo makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo mashujaa walinyongwa Februari 1906. Mwanafunzi wa Lindi anaishi jirani na Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria ambaye leo anasimama katika jumba la makumbusho Berlin na kuvuta watalii wa kule. Mwanafunzi huyo huenda hajawahi hata kuoneshwa shimo. Kila shule ya sekondari ingepewa bajeti ya ziara moja ya historia kwa mwaka, ndani ya mkoa wake au mkoa jirani, tungezalisha watalii wa ndani wa miaka hamsini ijayo kwa gharama ya mabasi ya siku moja.

Suala la uraia

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo linalonifanya niione mada hii kuwa ya kisiasa. Hifadhi za taifa zetu ni 21, na ukijumlisha mapori, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa, ni sehemu kubwa ya ardhi ya nchi. Zinatunzwa kwa jina la wananchi wote. Wapo waliolipa zaidi ya wengine: waliohamishwa, walioliwa mazao na tembo, waliopoteza malisho. Mwaka 2022 nchi iligawanyika juu ya Loliondo na juu ya kuhama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisitisha kisha ikafuta mradi wake wa kukuza utalii wa kusini, baada ya malalamiko ya wananchi wanaopakana na Ruaha. Katika mijadala hiyo yote, sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za serikali, za mashirika ya nje, na za jamii zilizoguswa. Wananchi wengine, mamilioni kwa mamilioni, walikuwa watazamaji. Wengi hawajawahi kufika mahali palipokuwa pakibishaniwa. Walipajua kwa video fupi za simu, kila upande ukiwa na zake.

Ni vigumu kwa raia kuamua kwa haki juu ya mahali asipopajua. Aliyefika Ngorongoro na kuongea na mwenyeji wake, aliyelala gesti ya Karatu na kumsikia mama mwenye gesti akisimulia, hatakubali kirahisi hoja ya upande mmoja, uwe wa serikali au wa wapinzani wake. Ndiyo sababu sioni busara ya kuendelea kuuza utalii wa ndani kwa maneno ya starehe peke yake. Mtu anayeijua nchi yake kwa miguu ni mgumu kudanganywa.

Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta tukiwa watu 61,741,120. Hata tukichukulia kwamba kila kiingilio cha mwaka 2024 kilikuwa cha mtu tofauti, waliofika katika malango ya vivutio ni kama watano katika kila mia. Wizara inaweza kuendelea kuwahesabu hao watano na kupiga makofi. Mimi ningependa bajeti ijayo ituambie nauli, reli na likizo zitafanya nini kwa tisini na watano waliobaki, na nawaomba wasomaji walio ndani ya wizara waliulize swali hilo kabla vitabu vya bajeti havijafungwa.